Kutu ya mnarani inavyoharibu usikivu wa redio

Redio ikikwaruza upepo unapovuma, ilhali betri ni mpya, lawama huangukia redio yenyewe au sola ya jirani. Wakati mwingine kosa liko kwenye chuma kilicholegea karibu na mnara wa matangazo.

Antena inaporusha mawimbi, vyuma vyote vya karibu hupokea sehemu yake: nati za mnara, nyaya zinazoushikilia, bati la kibanda cha jenereta, hata seng'enge ya uzio. Vikiwa vimekazwa vizuri hakuna tatizo. Vikilegea na kuota kutu pale vinapogusana, kutu hiyo hupitisha umeme kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, kama dayodi iliyo ndani ya redio yako. Hapo mawimbi huchanganyika na kuzaa mengine, na chuma kile huyarusha tena hewani.

Tuseme mnara mmoja una stesheni mbili, 94.1 na 97.3. Zidisha 97.3 mara mbili upate 194.6, toa 94.1, inabaki 100.5. Basi kwenye 100.5 utasikia vurugu ya stesheni zote mbili, na anayetangaza kihalali kwenye masafa hayo kutoka mbali anamezwa. Tangazo lake la chanjo ya mifugo halikufikii.

Kuna hatari kubwa zaidi. FM huishia megahezi 108, na masafa ya kuongozea ndege yanaanzia hapohapo. Huku kwetu, ndege ndogo za watalii hushuka Ziwa Manyara na Serengeti kila siku. Mabaharia wa meli za kivita nao wanaujua sana ugonjwa huu, kwa sababu meli ina antena nyingi katikati ya minyororo na kutu.

Ukisikia stesheni mahali isipostahili, fupisha kwanza antena ya redio yako. Ile ngeni ikitoweka huku ya kawaida ikibaki safi, huenda redio yako ndiyo imezidiwa na nguvu ya mnara. Isipotoweka, andika saa, masafa, na kama kulikuwa na mvua, umande au upepo, kwani kutu hubadilika na hali ya hewa. Upigie kituo husika. Wasiposhughulikia, peleka TCRA, wasimamizi wa masafa nchini.

Usipande mnara kukaza nati mwenyewe. Chuma kilicho karibu na antena inayorusha kinaweza kukuunguza hata kama hakina waya wa umeme.