Kutoka Mkuyuni hata Mirembe

Mtu wa Mkuyuni akianza kusikia sauti wasizozisikia wenziwe, mara nyingi jamaa zake, na Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, humwendea mganga kwanza. Si upuuzi: mganga yu karibu, tena huuliza habari za nyumba nzima. Asichoweza ni kupima damu, na malaria ikipanda kichwani yaweza kufanana na skizofrenia.

Serikali ya Kiingereza ilijenga hospitali ya wazimu Dodoma katika miaka ya 1920, ndiyo Mirembe. Mgonjwa wa Uluguru aliyepelekwa huko alitengwa na wajomba zake, hali dawa yenyewe haikuwapo bado. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wazimu mjini Paris mwaka 1952.

Mageuzi makubwa, kwa maoni yangu, hayakuwa dawa hiyo peke yake. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilichaguliwa kwa majaribio, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Watumishi wa zahanati wakafundishwa kuyatambua maradhi haya na kuyatibu, mgonjwa akilala kwao.