Kodi za Nne katika Historia ya Gitaa

Katika muziki wa Ulaya, tangu yapata karne ya 17, kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, imezoeleka kujengwa kwa noti zinazopishana kwa umbali wa tatu, kama waimbaji wa kwaya wanavyoifahamu katika do, mi na so. Kodi za nne hufuata kanuni nyingine: kutoka noti moja hadi inayoifuata juu huhesabiwa noti nne, kama kutoka re hadi so, kisha huhesabiwa nne nyingine kutoka hapo, na kuendelea. Masimulizi ya kawaida huichukulia kanuni hiyo kuwa uvumbuzi wa karne ya 20 na huieleza kwa mifano ya okestra na piano, ilhali gitaa lilikuwa na mlio huo katika nyuzi zake zenyewe karne kadhaa kabla ya wananadharia kuupa jina.

Chanzo cha jambo hili ni ukoo wa udi. Katika karne ya 9, al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, alieleza udi wa nyuzi nne ambazo kila mmoja uliachana na jirani yake kwa nne, na udi unaosikika leo katika taarabu ya Unguja bado una nyuzi nyingi zinazopishana kwa umbali huo. Vyombo vya Ulaya vya ukoo huo viliipokea nne, lakini mahali pamoja viliingiza tatu. Gitaa la nyuzi sita, lililoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, lina E, A, D, G, B na E, ambazo kwa msomaji wa solfa, do ikiwa C, ni mi, la, re, so, ti na mi. Nafasi zote ni za nne isipokuwa ile ya kati ya so na ti. Tatu hiyo moja ilikuwa na sababu za msingi, kwa kuwa nyuzi zote zingepishana kwa nne, uzi wa juu kabisa ungekuwa fa, unaogombana na mi ya chini, na kodi za do, mi na so zingekuwa ngumu kushikika kwa vidole vinne. Kwa hiyo, tangu hapo, sehemu kubwa ya kazi ya mkono wa kushoto imekuwa kuzifunika nne zilizomo gitaani ili zisikike tatu.

Wananadharia nao hawakuipenda sana nne. Waimbaji wa kanisani wa karne ya 9 waliimba sauti mbili zilizoandamana kwa umbali huo bila wasiwasi, lakini kanuni zilizofuata ziliihesabu nne juu ya besi kuwa mlio wenye mgongano, unaotakiwa kutatuliwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1906, mtunzi Arnold Schoenberg alipofungua Simfonia yake ya Chemba namba 1 kwa nne zinazopanda, na mwaka 1911, alipozieleza kodi hizo katika kitabu chake cha hamonia. Anayestahili kutazamwa zaidi hapa, hata hivyo, ni mtunzi Alberto Ginastera wa Argentina, ambaye mwaka 1940 alianza kipande chake cha piano kiitwacho Malambo kwa noti sita za nyuzi za gitaa zisizobanwa, akimwachia mpiga piano mlio ambao wapiga gitaa wengi waliusikia tu wakati wa kuweka nyuzi sawa.

Kinaya hicho kilijirudia katika jazi. Mwaka 1959 mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi albamu ya Kind of Blue, ambamo wimbo wa So What hukaa muda mrefu juu ya skeli moja badala ya kubadilisha kodi upesi. Mpiga piano Bill Evans aliujibu wimbo wa besi kwa kodi ya mi, la, re, so na ti, ambazo ni noti zile zile, kwa mpangilio ule ule, za nyuzi tano za chini za gitaa. Kodi ya namna hiyo ilifaa kwa sababu haitangazi kwa nguvu kama ni ya meja au ya maina, hivyo mpigaji aliye mbele hubaki huru. McCoy Tyner, aliyepiga piano katika kundi la mpiga saksafoni John Coltrane kuanzia 1960 hadi 1965, aliifanya nne kuwa msingi wa mtindo wake, na wapiga gitaa wengi wa jazi walijifunza kodi hizo kwa kuisikiliza piano.

Mkononi, somo lenyewe ni jepesi kupita heshima inayopewa. Kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi za la, re na so katika freti moja, yaani kati ya vijiti vya chuma vya shingo, kodi ya nne imekamilika. Kwenye re, so na ti, uzi wa ti husogezwa freti moja juu ili kuziba pengo la ile tatu. Mpiga gitaa Stanley Jordan, aliyetoa albamu ya Magic Touch mwaka 1985, aliliondoa pengo hilo kabisa kwa kuzipandisha nyuzi mbili za juu hadi do na fa, na umbo moja la vidole likafaa shingo nzima. Wachache wamemfuata, kwa kuwa gharama yake ni kuziacha kodi za kawaida ambazo kila mwanafunzi wa gitaa huanza nazo.