Silikanti: Samaki wa maji baridi anayewahangaisha wapigapicha

KATIKA hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968, mgeni huvaa miwani ya kuogelea akajionea samaki wa matumbawe karibu na ufuo. Maji ni ya vuguvugu, na kamera ndogo isiyoingia maji humtosha. Tatizo huja wakati wa mvua, mito inapoleta tope. Hata udongo unaosombwa kutoka mashamba ya Ndithini, Machakos, hushika njia ya mto Tana, japo mwingi hunaswa na bwawa la Masinga kabla ya kufika baharini.

Silikanti, hata hivyo, hapatikani kwa njia hiyo nyepesi. Samaki huyu, ambaye Wangazija humwita gombessa, hupenda maji baridi ya nyuzi 14 hadi 20 hivi, na mchana hujificha katika mapango yaliyo mita 100 hadi 300 chini ya bahari. Damu yake hubeba oksijeni vyema zaidi katika nyuzi 15 hivi. Akipandishwa kwenye maji ya joto huishiwa pumzi, ndiposa anayenaswa haishi muda mrefu.

Wataalamu waliamini kwamba alitoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita, hadi Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makavazi ya East London, Afrika Kusini, alipomwona miongoni mwa samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Kenya ilipata wake Aprili 2001, meli ya kukokota nyavu ilipomnasa nje ya Malindi akiwa na uzani wa kilo 77. Tangu mwaka 2003, wavuvi wa Tanzania nao wamewanasa wengi, hasa Tanga, kwa nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu.

Picha za kwanza za silikanti akiogelea makaoni mwake zilipigwa mwaka 1987 na kundi la Mjerumani Hans Fricke, likiwa ndani ya nyambizi ndogo huko Komoro. Ilichukua miaka mingine 13 kabla ya binadamu kumfikia kwa kupiga mbizi. Oktoba 2000, Pieter Venter alimwona kwenye kina cha mita 104 katika Sodwana Bay, Afrika Kusini. Mwezi uliofuata kundi lake lilirudi na kamera na kufanikiwa kupata picha. Lakini mpigapicha mmoja alizirai akiwa chini, na mwenzake, Dennis Harding, aliyepanda naye kwa kasi ili kumwokoa, akafariki.

Sababu ya hatari hiyo inaeleweka. Kwenye kina cha mita 100, mwili hubanwa kwa kani mara 11 ya ile ya juu ya maji. Hewa ya kawaida hulevya na hata kuua, hivyo mpiga mbizi hulazimika kuvuta mchanganyiko wenye heliamu. Dakika chache za kukaa chini hulipwa kwa saa kadhaa za kupanda polepole, la sivyo gesi iliyoyeyuka mwilini hutoa mapovu. Baridi nayo hunyakua joto la mwili na kufanya vidole kuwa vizito kwenye kamera. Wapiga mbizi wa burudani hukatazwa kupita mita 40, na katazo hilo halifai kuchezewa.

Mwanga ni shida nyingine. Rangi nyekundu hupotea mita chache tu chini ya maji, na chini zaidi kila kitu huonekana cha samawati. Mpigapicha lazima abebe taa, ilhali macho ya silikanti yameumbwa kwa giza.

Faida ya picha ni kubwa kuliko ya maonyesho. Kila silikanti ana mabaka meupe yasiyofanana na ya mwenzake, hivyo watafiti huweza kuwatambua na kuwahesabu bila kumvua hata mmoja. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huishi karibu miaka 100, na kwamba jike hubeba mimba kwa takriban miaka 5. Mmoja akinaswa kwenye jarife, pengo lake huchukua miongo kuzibwa.

Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga mwaka 2009. Mwaka 2007, Wajapani walikuwa wamewapiga picha huko kwa chombo kisicho na mtu ndani, kilichoongozwa kutoka juu ya maji.