Brusela katika maziwa mabichi, Burundi

Brusela ni maradhi ya bakteria wa jenasi Brucella, waliotambuliwa na David Bruce huko Malta mwaka 1887. Huko Gitega na Muyinga, hatari ya maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi ndiyo ya kuangaliwa. Mnyama huweza kuonekana mzima huku maziwa yake yana vimelea. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo, na kwa bahati mbaya sana mara nyingi hudhaniwa ana malaria, ilhali tiba ya brusela ni antibiotiki za wiki 6. Kugandisha maziwa hakutoshi, yachemshwe kwanza.