Kabla ya Twisti ya Nairobi, Gitaa la Kisa

Mwaka 1968 kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes lilirekodi upya "Helule Helule", wimbo wa twisti wa Mkenya Daudi Kabaka, nao ukapanda hadi nambari 14 katika chati za nchi hiyo. Wapenzi wa zilizopendwa hulitaja tukio hilo kwa fahari, na wana kila haki. Lakini kila linaposimuliwa, asili ya wimbo huishia Nairobi, katika studio ya Equator ya Charles Worrod, kisha simulizi huruka bahari hadi kwa Chubby Checker, aliyeivumisha twisti Marekani mwaka 1960. Ukifuata simulizi hiyo utaamini kwamba Kabaka na wenzake waliazima dansi ya ugenini wakaivisha Kiswahili. Mimi naona kuna hatua kubwa imerukwa, na hatua hiyo iko huku magharibi mwa Kenya, kati ya Butere na Kakamega, ambako wapiga gitaa kavu walikuwa wamekwisha kuupa wimbo wa aina hiyo umbo lake kabla haujatiwa umeme na ngoma za kizungu.

Marekani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Roki ilipolipuka katikati ya miaka ya 1950 ilionekana kama kitu kipya kabisa cha vijana wa mjini, ilhali santuri zake za mwanzo zilikuwa na shamba ndani yake. Sahani ya kwanza ya Elvis Presley, iliyotoka Memphis mwezi wa Julai 1954, upande mmoja ulikuwa na bluzi ya Arthur Crudup na wa pili wimbo wa kantri wa Bill Monroe wa Kentucky, ambao mwendo wake wa pole uligeuzwa ukawa wa haraka. Bill Haley aliongoza bendi ya kantri, The Saddlemen, kabla dunia haijamjua kwa roki. Chuck Berry, Mwafrika Mmarekani, alipata jina mwaka 1955 kwa "Maybellene", aliyoijenga juu ya "Ida Red", wimbo wa zamani wa wapiga fidla ambao Bob Wills alikuwa ameurekodi mwaka 1938. Na hiyo kantri yenyewe haikuwa safi kama maji ya chemchemi. Jimmie Rodgers, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na ambaye wengi humwita baba wa kantri, alikuwa mfanyakazi wa reli wa Mississippi, na bluzi zake alizipata kwa vibarua weusi. Kwa hiyo mzizi wa kijijini haumaanishi kijiji kilichojifungia. Ni mahali ambapo vitu vya njiani vilikaa muda wa kutosha hadi vikawa vya wenyeji.

Huku kwetu reli ilifika Butere mwaka 1930. Mwaka uliofuata dhahabu iligunduliwa Kakamega, wachimbaji wakamiminika, na jina la mgodi wa Rosterman lipo mpaka leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakarudi askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza, wengine wakiwa na magitaa na nyimbo za mbali. Katika mazingira hayo ndipo alipokulia George Mukabi wa Kisa, fundi wa mtindo uitwao omutibo, ambaye "Sengula Nakupenda" yake ingali inapigwa ingawa yeye alifariki mwaka 1963. Mtindo huo ni wa vidole viwili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, huku na huku, kikishika besi. Kidole cha shahada kinachomoa sauti kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi kati ya mapigo, si juu yake. Pembeni mwenzake mpiga gitaa anagonga na kukwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma, na ile mikunjo ya kioo inatoa mlio mkavu unaoushikilia mwendo wote. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linajibu. Mtu mmoja na mwenzake wa chupa wanatosha kuchezesha uwanja mzima.

Kuna atakayesema kwamba gitaa lenyewe ni la kuja, na kwamba hata kidole gumba hicho ni cha Jimmie Rodgers. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliomgeuza Rodgers kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa; ushahidi wa kutosha kwamba sahani zake zilikuwa zimefika magharibi mwa Kenya. Naye Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Tracey mwaka 1952, alifanya kazi Nairobi mwaka 1959 na kuacha wafuasi wengi. Hata hivyo, chombo kuja na muziki kuja ni mambo mawili. Mkono wa Bosco unatiririka na kupambapamba. Wa Mukabi unasukuma, unarudia kipande kifupi mpaka kinakuwa kama ngoma. Ukisikiliza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma tatu za baba, mama na mtoto zikipokezana, huoni haja ya kwenda Mississippi kutafuta alikotoa sikio lake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Bendi ya Equator ilikuwa na watu wa kila upande: Fadhili William kutoka Taita, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Mwendo wa twisti ya Kabaka pia una udugu wa wazi na kwela ya kusini mwa Afrika. Hayo nayakubali. Lakini kwela inaeleza kasi ya miguu, haielezi wimbo. Kwela ya asili ni muziki wa filimbi, maneno yake machache. Nyimbo za Kabaka, kama "Msichana wa Elimu" na "Pole Musa", zina mtu, zina kisa, zina ushauri kwa Kiswahili cha kawaida, na gitaa linaingia kujibu kila sauti inapopumua. Huo ni utaratibu wa Mukabi. Wasikilize pia Abana ba Nasery wa Bunyore, eneo lililokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Kakamega: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa. Hawana ngoma za kizungu wala umeme, na bado mguu unataka kucheza twisti. Ndiyo maana siamini kwamba twisti ilishuka kutoka mjini peke yake. Ilikuta kijijini watu waliokuwa na mwendo unaokaribiana nayo.

Kwa nini basi hatua hii imesahaulika? Naamini sababu kubwa ni mahali santuri zilipoishia. Studio zilikuwa Nairobi, na anayerekodi ndiye anayeandika lebo. Nyimbo za Abana ba Nasery zilikusanywa na kampuni ya London, GlobeStyle, mwaka 1989. Mkusanyiko wa Mukabi, "Furaha Wenye Gita", ulitolewa na Olvido Records ya Marekani mwaka 2017, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ilistahili. Omutibo inastahili kutetewa kwa nguvu hiyo hiyo, kuanzia na nakala za santuri hizo kuwekwa Kakamega, mahali ambapo kijana mwenye gitaa anaweza kuingia akazisikiliza.