Fahamu viputo vya gesi vinavyodungwa kwenye damu ili kuona moyo na kupeleka dawa

Mtu akiambiwa kwamba atadungwa viputo vya gesi kwenye mshipa, lazima ashtuke. Na ana sababu: kiputo kikubwa cha hewa kikiingia kwenye damu kinaweza kuziba mshipa na kuua.

Lakini vipo viputo ambavyo madaktari huvidunga makusudi, na mgonjwa hurudi nyumbani salama. Tofauti iko kwenye mambo mawili: udogo wa kiputo na ganda linaloifunika gesi.

Ni vitu gani hasa?

Vingi vina upana wa maikromita 1 hadi 4. Maikromita 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa kama maikromita 7, kwa hiyo kiputo hupita kirahisi hata kwenye mishipa myembamba kabisa ya mapafu.

Ndani kuna gesi nzito isiyoyeyuka haraka kwenye damu, kama vile salfa heksafloridi. Nje kuna ganda. Bila ganda hilo, kiputo kidogo kiasi hicho kingetoweka haraka mno kabla hakijafanya kazi.

Kazi ikiisha, gesi hutoka mwilini kwa njia ya pumzi ndani ya dakika chache. Haipiti kwenye figo. Hilo ni jambo kubwa kwa mgonjwa wa figo asiyeweza kudungwa dawa za kung'arisha picha za CT scan.

Vinasaidiaje kuona?

Altrasaundi, kipimo kilekile anachofanyiwa mjamzito kliniki, hutuma mawimbi ya sauti mwilini na kupokea mwangwi. Damu hurudisha mwangwi hafifu, ndiyo maana kwenye skrini huonekana nyeusi.

Gesi ni tofauti. Wimbi likiigonga, kiputo husinyaa na kuvimba mamilioni ya mara kwa sekunde, na mwangwi wake mashine huutambua mara moja. Damu iliyokuwa nyeusi sasa inang'aa. Daktari anaona kuta za moyo vizuri, au namna uvimbe kwenye ini unavyopokea damu.

Mwaka 1968, Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Marekani walieleza jinsi kimiminika kilichodungwa karibu na moyo kilivyotoa mwangwi mkali. Chanzo kilikuwa viputo. Ulaya iliidhinisha SonoVue mwaka 2001. Marekani iliiruhusu kwa jina la Lumason mwaka 2014 kwa ajili ya moyo, kisha 2016 kwa ajili ya ini, watoto wakiwemo.

Ganda laini au gumu?

Viputo vinavyotumika sana hospitalini vina ganda la mafuta aina ya fosfolipidi, au la protini. Ganda la mafuta ni jembamba na laini. Linacheza vizuri na wimbi, hivyo picha inatoka safi. Tatizo ni kwamba halidumu, na halina nafasi kubwa ya kubebea dawa.

Hapo ndipo polima inapoingia. Ganda la polima ni nene mara kumi au zaidi. Aina moja, PLGA, ni ya jamii ileile ya nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe. Nyingine, PVA, ilifanyiwa kazi na watafiti wa Roma na Stockholm, ambao pia walilitia ganda lake chembe za oksidi ya chuma ili kiputo kilekile kionekane hata kwenye MRI.

Ganda nene hudumu zaidi na hubeba dawa nyingi zaidi. Lakini kila kizuri kina gharama yake: ugumu huohuo hukizuia kiputo kucheza. Wimbi dogo halikitikisi sana, na likiongezwa nguvu, ganda hupasuka na gesi kutoroka.

Kupasuka kunaweza kuwa faida

Dawa za saratani huzunguka mwili mzima, ndiyo maana nywele hunyonyoka na mgonjwa hutapika. Watafiti wanataka kiputo kipite kimya kwenye damu, kisha mawimbi yakipasue pale penye uvimbe tu na dawa imwagike hapo.

Hata kiputo kisichobeba dawa kinasaidia. Kikitikisika karibu na ukuta wa mshipa, hufungua vinjia vidogo kwa muda na dawa iliyomo kwenye damu hupenya.

Huko Bergen, Norway, wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho walipewa dawa ya kawaida pamoja na viputo vya SonoVue na altrasaundi. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 17.6, ukilinganisha na 8.9 kwa wagonjwa wa awali waliopata dawa peke yake. Ni watu wachache mno kuweza kuthibitisha jambo, ila ilitosha kuwapa watafiti sababu ya kuendelea.

Mwishoni mwa 2015, madaktari wa Toronto, Kanada, walitumia viputo na altrasaundi kufungua kwa muda kizuizi kati ya damu na ubongo, ili dawa ifikie uvimbe.

Je, ni salama?

Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo kali baada ya vifo vilivyotokea muda mfupi baada ya wagonjwa kudungwa. Onyo lililegezwa 2008. Madhara makubwa ni nadra, kama mtu 1 kati ya 10,000, lakini yapo. Mwenye mzio wa polietilini glaikoli, kiungo kilichomo kwenye baadhi ya viputo, amwambie daktari mapema.

Vya polima bado viko zaidi maabara na kwenye majaribio. Kimoja, Imagify cha PLGA, kilifika hadi kwa washauri wa FDA mwaka 2008, nao wakapiga kura ya kukikataa.

Kwa hiyo kinachotafutwa sasa ni ganda gumu la kutosha kufikisha dawa, na laini la kutosha kuitikia wimbi.