Kaseti Moja, Majukwaa Mawili: Freddie Mercury Akisikilizwa Ufipa

Makala haya yanakusudia kuhakiki kaseti. Ndiyo, kaseti, ndugu msomaji, usicheke kwanza. Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua riwaya na diwani, na tamthiliya ikibahatika. Swali langu ni hili: rekodi ya onyesho la jukwaani, sauti ya mtu akiimba mbele ya umati, ni matini ya namna gani? Ni fasihi simulizi iliyogandishwa, au ni bidhaa ya dukani tu?

Kaseti yenyewe ni ya dakika 90. Kaka yangu aliinakili kutoka santuri mbili za "Live Killers" za kundi la Queen, akaja nayo nyumbani Sumbawanga. Krismasi moja bibi yetu alianza kusimulia hadithi kwa Kifipa jikoni, kaka akatafuta kaseti tupu, hakuna. Akarekodi juu ya Queen. Kwa hiyo upande wa pili unaanza na bibi, kama dakika ishirini hivi, watoto tukimwitikia, kuni zikilia, mtu akikohoa. Halafu "tak!", na piano ya Freddie Mercury inaingia.

Tuanze na historia. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Piano aliipiga tangu shuleni Panchgani, India. Alirudi Zanzibar mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Queen iliundwa London mwaka 1970. "Live Killers" ilitoka Juni 1979, na hapa mhakiki asikilize vizuri: iliungwa kutoka maonyesho kadhaa ya ziara ya Ulaya, Januari hadi Machi mwaka huo. Maana yake ule usiku mmoja tunaousikia haukuwahi kuwapo. Ni usiku wa kutungwa, kama usiku wa kwenye riwaya.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika, alisema fasihi simulizi ni tukio, na akaorodhesha vinavyolijenga: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Nimekipima kila kipande cha kaseti hii kwa vigezo hivyo, na vinabana kweli kweli. Chukua "Love of My Life". Kwenye albamu ya 1975 ni wimbo wa piano. Jukwaani ukawa wa gita, na Freddie akawa anawaachia watu waimbe. Hapo fanani ni nani? Bibi naye alikuwa hivyo hivyo. Akifika penye wimbo ndani ya hadithi, ananyamaza. Tukiitikia kivivu, anarudi nyuma, anaanza upya. Kwenye kaseti amerudi nyuma mara mbili, na sauti ya uvivu mojawapo ni yangu.

Lakini kipande kinachonisumbua ni "Bohemian Rhapsody". Ile sehemu ya katikati, ya sauti nyingi za kiopera, wanamuziki wanne hawakuweza kuitoa mubashara. Basi waliondoka jukwaani, mkanda wa studio ukapigwa, kisha wakarudi kumalizia. Hadhira ipo, mahali na wakati vipo, tukio lipo, ila fanani hayupo! Amebaki mkanda. Wapo watakaosema huo ni udanganyifu. Mimi nasema hapana: udanganyifu ungekuwa kusimama pale wakichezesha midomo. Waliacha jukwaa tupu, kila mtu aone. Na mimi huku Ufipa nasikiliza mkanda wa watu wanaosikiliza mkanda.

Onyesho linafungwa kwa "God Save the Queen", wimbo wa taifa la Waingereza ukipigwa kwa magita. Uingereza kwenyewe huenda ulisikika kama utani. Lakini mtoto wa karani wa kikoloni, aliyezaliwa chini ya himaya iliyoondoka Zanzibar Desemba 1963, kumaliza kazi yake kila usiku kwa wimbo ule! Sidai kwamba alikusudia kitu. Nasema historia imo ndani ya sauti, hata mwimbaji akiwa amejinyamazia.

Na mahali si pambo. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, Bophuthatswana, ile "nchi" ya bandia ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, Freddie alikaa kwenye piano Wembley, katika Live Aid, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, akaanza na wimbo ule ule, ile sehemu ya mkanda ikiachwa. Dunia ilitazama, sisi Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Nyimbo karibu ni zile zile, vidole ni vile vile, ila anayeziweka Sun City na Wembley katika kapu moja hajui uhakiki ni nini.

Sasa turudi jikoni. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alichapisha mwaka 1978 kitabu cha masimulizi ya Wafipa, "There Was a Certain Man". Ni kitabu cha thamani, lakini ni karatasi, na kwa Kiingereza. Mimi, niliyerudi chuoni na mvi, nikaona nifanye vizuri zaidi: nikaandika hadithi ya bibi neno kwa neno, kwa Kifipa, kurasa kumi na moja. Nikampelekea kaka. Akasoma, akaniuliza, "Na sisi tuko wapi?"

Nilikuwa nimeandika maneno ya bibi peke yake. Viitikio nilivifuta, kikohozi nikakifuta, na ile mara mbili aliporudi nyuma nikaiandika mara moja, eti kwa usafi wa matini. Marehemu bibi angenirudisha mwanzo. Nimeanza tena ukurasa wa kwanza, na utepe wenyewe umeanza kuchakaa, pale kwenye "tak!" sauti inayumba kidogo kabla piano haijaingia.